Jibu: Skrubu za nyonga na hofu ya mguu kufa ganzi
Pole sana ndugu yangu wa Wete, Mungu amjaalie kaka yako afueni. Umeuliza: aliyeanguka mkarafuu akitiwa skrubu ya nyonga, daktari anajuaje kama hagusi mishipa?

Hofu yako ina msingi. Skrubu hupita nyuma ya nyonga hadi ndani ya sakramu (mfupa mpana ulio chini ya uti wa mgongo, katikati ya nyonga), na njia ni nyembamba: mbele ya bawa la sakramu umelala mshipa wa fahamu wa L5 (utokao chini ya pingili ya tano ya kiuno), karibu na mishipa mikubwa ya damu, chini ya njia kuna tundu la S1 (linalopitisha mshipa wa fahamu wa kwanza wa sakramu). Skrubu ikitokeza mbele, kidole gumba cha mguu chaweza kushindwa kunyanyuka.

Ndiyo maana CT (picha za eksirei za kompyuta) hutangulia. Wapo walioumbika sakramu vingine, njia ya S1 (pingili ya kwanza ya sakramu) haitoshi, pengine hutumiwa ya S2 (pingili ya pili). Wakati wa upasuaji waya mwembamba huingizwa kwanza, na eksirei hupigwa kwa pembe 3. Tumbo likijaa gesi picha hufifia (hapo bora daktari asite kuliko kubahatisha).

Muulize tu: CT imeonesha njia ya kutosha? Na waandike sasa hivi, kabla ya upasuaji, kama anakinyanyua kidole gumba, baadaye kusiwe na ubishi.