Mkataba wa kutengenezewa nyumba ya kupangisha: je, yafaa kulipia uharibifu ambao haujatokea?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Marehemu babangu ametuachia nyumba ya ghorofa moja hapa Tudor, ina milango minne ya kupangisha. Warithi ni mamangu, mimi, kakangu na mdogo wetu wa kiume wa miaka 12. Mimi ndiye ninayekusanya kodi na kuhangaika na mafundi. Mwaka uliopita pampu iliungua mara mbili, na shawa za moto sikumbuki hata ni ngapi. Sasa amekuja wakala wa kampuni na mkataba: tulipe shilingi 48,000 kwa mwaka, na pampu, shawa, mabomba au nyaya za umeme zikiharibika wao watatengeneza au watabadilisha. Fundi akija tunalipa tena 1,500 kila safari. Mwaka ukiisha bila kuharibika kitu, pesa hazirudi. Kakangu asema hii ni takaful (bima ya Kiislamu ya kusaidiana) tu, na gharama tuwawekee wapangaji. Nimeshatoa 4,000 za mwanzo kutoka kwenye kodi. Nakutumia picha za mkataba. Je, yafaa?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Allah amrehemu baba na amjaalie kaburi lake liwe na nuru.

Nimeusoma mkataba wote, kurasa zote tano. Kwa sura ulivyo sasa, usiuingie, hasa kwa kuwa katika nyumba hiyo mna mali ya yatima. Halali iko karibu nao sana, na nitakuonyesha, lakini kwanza tutazame kinachouzwa hapo ni kitu gani.

Hujauziwa pampu. Hujamwajiri fundi kwa kazi ijulikanayo. Umeuziwa ahadi iliyofungwa kwenye jambo ambalo hakuna ajuaye kama litatokea, lini, wala kwa kiasi gani. Pampu zikiungua mbili na nyaya zikateketea, mmechukua kwao zaidi ya mlichotoa. Mwaka ukipita salama, wamechukua 48,000 zenu bila kugusa hata msumari. Lazima mmoja ale cha mwenziwe. Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya kokoto (hurushwa kokoto, na itakapoangukia ndicho kinachouzwa) na biashara ya gharar, na hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Gharar ni kufunga biashara juu ya kisichojulikana mwisho wake. Na Allah amesema katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili, isipokuwa iwe biashara kwa kuridhiana. Kuridhia kwenu peke yake hakutoshi ikiwa chenyewe mnachoridhiana hakishikiki.

Najua utasema, mbona kila jambo lina kutojulikana ndani yake? Ni kweli, na wanavyuoni walilitazama hilo zamani. Imam Nawawi alipoisherehesha hadithi hii alitaja gharar ndogo ambayo Waislamu wamekubaliana kusameheana, na mojawapo ya mifano yake ni kukodisha nyumba kwa mwezi, ilhali mwezi huenda ukawa siku 29 au 30. Akataja pia kuingia hamamu (bafu la watu wote) kwa malipo yaliyo sawa, na huyu atatumia maji mengi na yule kidogo. Lakini katika mifano hiyo kinachonunuliwa kipo: nyumba ipo, hamamu ipo, na kutojulikana kumekuja pembeni tu. Katika mkataba wako kutojulikana ndiyo bidhaa yenyewe. Uondoe uwezekano wa kuharibika, hakuna tena cha kuuza.

Sitakuficha kwamba wako wanavyuoni wakubwa walioruhusu bima za biashara, akiwemo Sheikh Mustafa Az-Zarqa wa Syria, na si haki kuwavunjia heshima. Wengi hawakukubaliana naye, na Majma ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanavyuoni wa nchi za Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1985 iliamua kuwa bima ya biashara ni haramu, na badala yake ni bima ya kusaidiana. Hiyo ya kusaidiana ndiyo takaful, na hapa ndipo kakako alipochanganya. Katika takaful pesa ni za wachangiaji wenyewe, zimewekwa kwa nia ya kusaidiana, kampuni inaziendesha kwa ujira uliotajwa, na ziada ni ya wachangiaji. Mkataba wako unasema wazi kuwa malipo ni mali ya kampuni tangu siku yanapopokelewa. Kuuita takaful hakuubadilishi.

Sasa nenda ukurasa wa tatu, kwenye maandishi madogo, kifungu cha mambo yasiyolipwa. Mmeandikwa: uharibifu utokanao na kutu, chumvi ya maji, uchakavu wa kawaida, na kifaa chochote kisicho na kumbukumbu ya kuhudumiwa. Dada yangu, hapa ni Mombasa. Ni kitu gani kinachoharibika katika nyumba zetu kisichoharibiwa na kutu au chumvi? Huko Marekani mikataba ya namna hii imezoeleka, na nayo ina ada ya mwaka, ada ya kila fundi anapokuja, na orodha ya visivyolipwa ambayo watu huisoma wakati pampu imeshazima. Wewe umeipata mapema, basi isome.

Mwaka jana pampu ya nyumba ya wakfu ya msikiti wetu iliungua. Nilipanda juu na fundi. Akafunua tangi, akashika boya lile la kufungia maji, halikupanda wala kushuka. Alipoligonga kwa spana zikaanguka ganda nyeupe za chumvi, nene kama kucha. Boya liliganda, maji yakamwagika juu ya dari usiku kucha, kisima kikapungua, na pampu ikaendelea kuzunguka bila maji hadi ikaungua. Tumenunua pampu nzima kwa sababu ya boya ambalo hakuna aliyepanda kulitazama. Na shawa zako hizo, muulize fundi ni za aina gani. Ziko za maji matamu na ziko zilizotengenezewa maji ya chumvi. Ukifunga ya maji matamu kwenye maji ya kisima, elementi haiishi.

Kwa hiyo njia ya halali ni hii. Mwite fundi, au hata kampuni hiyo hiyo, mfungiane mkataba wa kazi inayojulikana: kila baada ya miezi mitatu apande juu, asafishe boya na koki, aangalie pampu, akaze nyaya kwenye sanduku la umeme, afungue shawa na kuzisugua chumvi. Ujira utajwe. Spea zikihitajika mnanunua nyinyi kwa risiti. Hiyo ni ijara, kuajiri mtu kwa kazi, na Majma ya Fiqhi iliuzungumzia mkataba wa matengenezo katika kikao chake cha Manama, Bahrain, mwaka 1998, ikaruhusu sura hii kwa sharti kazi ijulikane na ujira ujulikane. Vitu vidogo ambavyo kwa desturi havihesabiwi, kama mpira wa bomba au utepe wa kuzuia maji, akija navyo fundi mwenyewe hakuna neno.

Na zile 4,000 za kila mwezi mlizotaka kuipa kampuni, ziwekeni kando, kwenye akaunti ya nyumba isiyochanganywa na ya mtu. Pampu ikiungua mna pa kuchukua. Isipoungua, pesa bado ni zenu.

Kuhusu wapangaji, hapa nataka kakako asikie vizuri. Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), kwamba mapato huenda na dhamana. Mnakula kodi kila mwezi kwa sababu hasara ya nyumba ni yenu. Paa likivuja ni lenu, nyaya zikiungua ni zenu. Ukiitoa dhamana ukamtwika mpangaji, kodi unaila kwa kitu gani? Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameandika katika kitabu chake Minhaj kwamba matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye kuikodisha, na asipofanya haraka kutengeneza, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Ameandika pia kuwa haisihi kufanya matengenezo ndiyo kodi, kwa kuwa gharama yake haijulikani. Sheria ya nchi nayo haiko mbali: Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamwekea mwenye nyumba wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu.

Mkitaka kupandisha kodi, subirini muda wa makubaliano uishe, mtaje kiasi kinachojulikana, naye ana hiari ya kukubali au kuhama. Katikati ya muda hamna haki ya kumwongezea hata shilingi. Na ikitokea bomba limepasuka usiku nawe huko mbali, unaweza kumwidhinisha mpangaji aite fundi, alipe, kisha akate kwenye kodi yake. Hilo limeruhusiwa kwa kuwa kodi yenyewe inajulikana. Alichokivunja mpangaji kwa kusudi au kwa uzembe, hicho ni chake kulipa.

Limebaki lililonisumbua zaidi. Unasema umetoa 4,000 kutoka kwenye kodi. Kodi hiyo si yako peke yako. Ikiwa warithi ni hao wanne tu uliowataja, mamako ana thumni (sehemu moja ya nane), na inayobaki mnagawana, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Katika 4,000 zile, 500 ni za mama, 700 ni zako, 1,400 ni za kakako, na 1,400 ni za mtoto wa miaka 12. Mamako na kakako wanaweza kuridhia. Yeye hawezi, hata akikwambia sawa. Allah amesema katika Surat Al-Israa, aya ya 34, msiikaribie mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora, mpaka afikie utu uzima wake. Sidhani kuitia mali yake kwenye kamari ya pampu ni njia iliyo bora.

Jingine, kuwa dada yake hakukufanyi wewe walii wa mali yake. Ikiwa babu mzaa baba hayupo, wala marehemu hakumwachia mtu wasia wa kumsimamia, shauri hilo ni la Kadhi. Nendeni Mahakama ya Kadhi mkaandikishe nani anasimamia fungu lake, na kuanzia hapo kila shilingi inayotoka kwenye fungu hilo iandikwe kwenye daftari na risiti yake. Najua umefanya kwa nia njema, na aliyeuliza kabla hajaendelea si sawa na aliyeziba masikio.

Rudi kwa wakala wiki hii. Mwambie mnataka huduma ya miezi mitatu mitatu kwa kazi zilizoandikwa, na zile 4,000 zihesabiwe kwenye ujira huo. Akikataa, dai pesa zako. Wakikunyima kabisa, usiendelee kulipa eti ili zisipotee. Waache, kisha utoe 1,400 mfukoni mwako umrudishie mdogo wako kwenye fungu lake. Na kabla masika hayajaanza, mpandishe fundi juu ya dari aangalie boya la tangi.

Wallahu aalam.