Kulipia mboga za msimu kabla hazijaota

Dada, umeuliza kama ni salama kumlipa mkulima mwezi wa Machi kwa mboga utakazoanza kupokea Juni. Mimi nasema jiunge, ila ujue unachonunua: ni fungu la mavuno, si kilo kadhaa ulizoahidiwa. Mvua ikiharibu nyanya, nawe unakosa nyanya. Pesa hutangulia ili mkulima anunue mbegu bila kukopa. Ndivyo yalivyoanza mashamba ya kwanza ya aina hii huku Marekani, mwaka 1986, Massachusetts na New Hampshire.

Uliza kwanza kama wana nusu fungu. Fungu zima ni mboga nyingi mno kwa watu wawili, na kuona sukuma wiki inaozea kwenye friji kunauma. Uliza pia ukisafiri nani atakuchukulia. Kama una kadi ya SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula kwa wenye kipato kidogo, baadhi ya mashamba huipokea, na hapo hulipi msimu mzima kwa mkupuo: hawaruhusiwi kukutoza mapema zaidi ya siku 14 kabla ya kupokea mboga.

Na majani ya maboga mwombe mkulima mwenyewe. Wengi wao huyaacha shambani kwa kutojua kwamba yanaliwa, na ni matamu sana yakiungwa kwa karanga!