Biashara ya kijamii: fuata faida inakokwenda

Duka linalopeleka msaada kwa yatima kila mwisho wa mwaka bado ni biashara ya kawaida, kwa sababu mwenyewe akighairi mwakani hajavunja chochote. Biashara ya kijamii hufungwa na katiba yake: shida inayoitatua imeandikwa humo, na faida imepangiwa njia kabla haijapatikana.

Ukianzisha, andika mapema ni kiasi gani cha faida kitarudi kwenye kazi. Kisha andika mali itakwenda kwa nani siku biashara ikifungwa. Kifungu hiki cha pili husahaulika, nacho ndicho kinachowazuia waanzilishi kuuza jengo na kugawana fedha. Uingereza ina kampuni za aina hii tangu 2005: mali yake imefungwa kisheria, na zile zenye wanahisa binafsi hazigawi zaidi ya asilimia 35 ya faida. Muhammad Yunus, mwanauchumi wa Bangladesh aliyeanzisha Benki ya Grameen, ni mkali zaidi: mwekezaji arudishiwe mtaji wake tu, gawio hakuna.

Kinachoangusha wengi ni hesabu. Chukua karakana ya mikoba inayofundisha vijana wasio na kazi. Mkoba unauzwa 100. Malighafi 45, pango na umeme 15, ujira wa fundi mzoefu 25. Inabaki faida ya 15. Mwanagenzi hutumia muda mara mbili, kwa hiyo ujira wake kwa mkoba ni 50, na hapo kuna hasara ya 10. Zile 25 za ziada ni gharama ya kufundisha. Zipe safu yake kwenye daftari. Ukizichanganya na nyingine utadhani mkoba haulipi, utapandisha bei, na wateja watakukimbia bure.

Mwanagenzi akihitaji kushona mikoba 200 ndipo aive, kumfundisha kunagharimu 5,000. Hizo ziombee ruzuku, au zilipwe na faida ya mikoba 334 ya mafundi wazoefu. Tafadhali usitumie ruzuku kuuza chini ya gharama: mfadhili akiondoka, mteja aliyezoea bei ya chini hatakubali nyingine. Mfano wa lengo linalolipiwa na mauzo yenyewe ni hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa Madurai, India, mwaka 1976: huwatibu wasio na uwezo kwa mapato ya wanaolipa.

Mwisho wa mwaka weka ripoti mbili mezani, ya fedha na ya lengo. Katika ya pili, idadi ya waliohudhuria mafunzo haitoshi. Hesabu waliokuwa bado kazini miezi sita baada ya kumaliza.