Erastus Corning: chuma, benki na reli

Umeuliza kama Erastus Corning, mfanyabiashara wa Marekani wa karne ya 19, alikuwa mtu wa benki au wa viwanda. Vyote viwili, ndugu yangu. Alizaliwa Connecticut mwaka 1794, na tangu utotoni alitembelea magongo baada ya kuumia nyonga. Alianza kama karani wa duka la vifaa vya chuma, akaja kumiliki kiwanda cha chuma huko Troy, karibu na Albany katika jimbo la New York, na mwaka 1834 akawa rais wa benki ya Albany City Bank. Mwaka 1853 akashika uongozi wa reli mpya ya New York Central. Hakuchukua mshahara, ila chuma cha reli kilinunuliwa kupitia kwake! Hapo simtetei kabisa, wanahisa walikuwa na haki ya kuhoji. Na ile barua mashuhuri ya Rais Abraham Lincoln ya Juni 1863, kuhusu kukamata raia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliandikiwa yeye na wenzake.