Kiraka Kikae Nje

Swali la wiki hii lilituuliza wasomaji ni zama zipi za sanaa, mitindo au muziki ambazo hatukuziishi lakini zimeiteka mioyo yetu, na kama tungepewa kitu kimoja tu kutoka zama hizo tungechagua kipi. Jibu langu ni London ya mwaka 1976 hadi 1978, zama za panki, na ninalitoa nikiwa fundi cherehani wa Mtwara, kwa kuwa ni cherehani, wala si gitaa, iliyonifikisha huko.

Huku kwetu wengi wanaijua panki kama mtindo wa kunyoa, na wachache wanaijua kama muziki wa kasi wa Sex Pistols na The Clash. Mimi naipenda kwanza kama kazi ya nguo. Katika duka lililokuwa namba 430, King's Road, London, ambalo mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood na mwenzake Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, walilibadilisha jina mara kwa mara, mwaka 1976 lilitengenezwa shati ambalo sichoki kulitazama katika picha. Hawakukata kitambaa kipya. Walichukua mashati ya miaka ya 1960 yaliyokuwa yamedoda bila mnunuzi, wakayatia rangi, wakayachora mistari kwa mkono, wakayapiga maneno kwa stensili, kisha wakayashonea viraka, kimojawapo kikiwa na sura ya Karl Marx. Fundi yeyote anayeletewa nguo ya mtumba aipunguze mabega au aibadilishe kola atanielewa nikisema kwamba kuligeuza shati lililokwisha kushonwa ni kazi ngumu kuliko kushona jipya. Mshono wa kwanza unakuamulia mambo mengi, na kila unapofumua unabaki na matundu ya sindano ambayo ama utayaficha, ama utayafanya kuwa pambo.

Panki ilikataa kuficha. Pini zilikaa mbele, zipu zilipita mahali ambapo hazikuhitajika, mishono iligeuzwa ikawa nje, na suruali za drafti zilifungwa mikanda iliyounganisha goti na goti. Mimi nilifunzwa kwamba kiraka kizuri ni kile kisichoonekana, na sababu yake naiheshimu. Wazazi wetu waliopitia uhaba wa nguo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla biashara ya nje haijalegezwa na marobota ya mitumba kuanza kuingia kwa wingi, walivaa viraka kwa kukosa, si kwa kupenda, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kutotaka kiraka chake kitazamwe. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba vijana wa London walikuwa wakichezea umaskini wa watu wengine. Mwaka 1976 Uingereza ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja wasio na kazi, na wengi wa waliovaa pini hizo walizinunua wenyewe dukani kwa senti chache, kwa sababu bei za duka la Westwood hawakuziweza. Mapenzi yangu hupoa ninapofika mwaka 1977, pale mbunifu Zandra Rhodes alipotoa magauni yenye matundu yaliyotengenezwa kwa ustadi na pini zilizopambwa kwa vito. Ni kazi safi ya mikono, lakini tayari pini imerudishwa kwa wenye fedha.

Anayenishika zaidi ni Poly Styrene, mwimbaji wa kundi la X-Ray Spex. Jina lake la kuzaliwa ni Marianne Joan Elliott-Said. Alizaliwa mwaka 1957 kwa mama mwenye asili ya Uskoti na Ireland na baba Msomali, mtu wa bahari hii hii tunayoitazama kutoka Mikindani, na kabla sauti yake haijajulikana alikuwa na kibanda cha nguo katika Beaufort Market, kwenye barabara ile ile ya King's Road. Wakati wenzake wakikimbilia ngozi nyeusi na minyororo, yeye alivaa rangi kali na plastiki, akaacha waya za kunyooshea meno zionekane kila alipofungua kinywa, na akaimba juu ya plastiki, matangazo ya biashara na bidhaa zinazomgeuza mnunuzi kuwa bidhaa. Albamu yao ya mwaka 1978, Germfree Adolescents, ndiyo ninayoiweka ninapokuwa na kazi nyingi, kwa sababu saksafoni yake inakwenda mwendo wa mguu kwenye pedali. Alifariki mwaka 2011, na nasikitika kwamba Afrika Mashariki tulichelewa kumdai kuwa wetu.

Kuhusu maandishi nitasema machache. Msanii Jamie Reid alilipamba jalada la wimbo wa Sex Pistols wa mwaka 1977 kwa herufi zilizofanana na zilizokatwa magazetini, na wengi huliona jambo hilo kuwa jipya kabisa. Sisi tuliofungwa kanga tangu utotoni tunajua kwamba nguo husema. Tofauti ni kwamba jina la kanga, yaani maneno yake, hukaa kwa utaratibu ndani ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, likimlenga jirani mmoja kwa fumbo, ilhali herufi za Reid zilimlenga kila mpita njia. Nguo kuwatia wasiwasi wakubwa nako tunakujua, kwani Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU ya mwaka 1969 hapa Tanzania, ilipigwa dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana.

Kuna jambo moja la zama hizo nisilolisamehe. Baadhi yao walivaa alama ya Wanazi ili kuwashtua wazee waliopigana vita, nayo ilionekana hata kwenye baadhi ya mashati ninayoyasifu. Sioni ujasiri wowote katika kuvaa alama ya wauaji. Nafarijika kwamba tarehe 30 Aprili 1978, katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi lililofanyika Victoria Park, London, The Clash na X-Ray Spex walipanda jukwaa moja na Steel Pulse, kundi la rege. Undugu huo ulikuwa na mizizi: katika klabu ya Roxy, Don Letts alikuwa akipiga santuri za rege kwa sababu santuri za panki zenyewe zilikuwa bado chache mno.

Kitu changu kimoja, basi, ni shati la mwaka 1976, lile lenye kiraka cha Marx na lisilo na alama ile nyingine. Singelivaa. Ningelitundika karibu na cherehani likiwa limegeuzwa ndani nje, ili wanafunzi wangu waufuate kwa kidole mshono wa kiwandani, kisha mshono wa pili uliopita juu yake, na wanieleze wao wenyewe ni wapi fundi wa pili alimtii wa kwanza na ni wapi alikataa.