READY haiwaki, fundi kasema betri kubwa imekufa: kweli?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina gari ya umeme, Mitsubishi i-MiEV ya 2011, niliinunua kwa mtu. Mwezi huu mara tatu asubuhi nawasha inapiga tak-tak-tak, dashibodi inawaka mataa yote mpaka ya breki na ya usukani, ile taa ya READY ya kusema gari iko tayari kutembea haiji. Jirani akinibustia inawaka natembea siku nzima bila shida. Fundi mmoja kasema betri kubwa imekufa, bei aliyonitajia ni sawa na kununua gari nyingine. Pia siku hizi chaji ikibaki vijiti vinne geji inaruka ghafla mpaka taa ya kobe, ile ya gari kukata nguvu. Breki zinakwaruza asubuhi. Niliweka amplifaya na sabwufa, na nilikua na mpango wa kuweka rimu pana na taa za LED. Nianzie wapi?

JIBU: Njema dada yangu. Anza kwa kutotoa hela, maana kwenye swali lako kuna ugonjwa zaidi ya mmoja na huyo fundi kaujumlisha wote akauita betri kubwa.

Hiyo ya asubuhi umeshajijibu mwenyewe bila kujua, umesema ukibustiwa inawaka na unatembea siku nzima. Sasa jirani anakubustia betri ipi? Ile ndogo ya volti 12 iliyo mbele chini ya boneti, kama ya gari yoyote. Betri kubwa ya i-MiEV ni volti 330 na iko chini ya sakafu, hakuna jirani wa kuibustia hiyo kwa nyaya za mamba. Kama ingekua ndo imekufa basi hata ungebustiwa na kijiji kizima usingefika getini.

Iko hivi. Gari ikilala, betri kubwa inafungiwa kabisa, umeme wake hautoki nje ya boksi. Mlango wake ni relei kubwa mbili tatu, yaani swichi zinazovutwa kwa umeme, zilizo ndani, na zinazovuta hizo relei ni betri ndogo. Kompyuta zote za gari nazo zinakula kwenye hiyo hiyo ndogo. Kwa hiyo betri ndogo ikiwa na njaa relei zinajaribu kushika zinaachia, zinashika zinaachia, ndo hiyo tak-tak-tak yako, na kila kompyuta iliyokosa volti za kutosha inawasha taa yake kulalamika, breki inalalamika, usukani unalalamika, mtu akiangalia dashibodi anaona gari imekufa yote kumbe ina njaa tu. Nimeshapokea i-MiEV imebebwa na kichukuzi, mwenyewe karibu alie, tukaweka betri ndogo mpya ikaondoka na magurudumu yake.

Pima hivi. Tafuta mita ya kawaida ya volti. Jioni vuta kile kishikio cha kufungulia boneti uiache boneti imekaa nusu, funga milango, ondoka. Asubuhi usifungue mlango kwanza, maana ukifungua tu kompyuta zinaamka na namba unayopata inakua ya uongo. Nyanyua boneti, pima kwenye teminali. Ukikuta 12.6 betri imeshiba. Ukikuta 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 ndo jibu lako hilo. Afu bustia, ikishakuja READY pima tena pale pale, sasa hivi unatakiwa uone 14 na kitu, maana gari ikiwa READY betri kubwa inaichaji ndogo kupitia kibadilishio chake. Ukiona bado iko 12 na inashuka basi shida sio betri ndogo, ni hicho kibadilishio au fyuzi yake, hapo tena ni kazi ya fundi wa magari ya umeme.

Lakini mimi nina mtuhumiwa wangu tayari, ni hilo amplifaya.

Kwenye gari ya mafuta watu wamezoea betri kubwa kubwa za kupiga stata. Hii haina stata, kwa hiyo waliiwekea kibetri kidogo, tuseme cha ampia-saa 30 hivi (ndo kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Na gari ikiwa imepaki tu bila kuchajiwa, betri kubwa haimlishi mdogo wake. Ukipaki Ijumaa, amplifaya haijalala vizuri inakula miliampia 300 tu, ambayo ni kidogo hata taa ya ndani inaweza kula zaidi, kwa masaa 24 hiyo ni ampia-saa 7.2. Siku mbili karibu nusu imeondoka. Jumatatu asubuhi tak-tak-tak. Angalia kumbukumbu zako kama sio siku ulizoacha gari imekaa.

Kwa kuhakikisha, weka mita kwenye ampia, chomoa hasi ya betri ndogo, pitishia mita katikati, funga milango subiri kama nusu saa gari ilale. Nzima inatakiwa kula chini ya miliampia 50. Ikizidi chomoa fyuzi ya amplifaya uone kama namba inaanguka. Na usiwashe gari wala kufungua mlango mita ikiwa pale, utaunguza fyuzi ya mita. Dawa yake ni rahisi, ule waya mwembamba wa kuamsha amplifaya usiwe kwenye umeme wa kudumu, uwe kwenye umeme unaokuja na swichi ya gari. Na ule mnene wa chanya uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Na usidanganyike na namba za kwenye boksi, wati 1000 kweli kweli ni zaidi ya ampia 80 kwa volti 12, kibetri chako hakiwezi hiyo kitu.

Swali langu moja kwako: amplifaya limefungwa wapi na kwa skrubu za urefu gani? Kama liko chini ya kiti na aliyefunga alitoboa sakafu kwa drili, mpigie sasa hivi umuulize. Betri ya volti 330 iko chini ya hiyo hiyo sakafu. Niliwahi kunyanyua gari moja nikakuta ncha ya skrubu imechungulia kwa chini, kutoka hapo mpaka waya wa rangi ya chungwa, yaani wa betri kubwa, haifiki upana wa kidole. Mwenye gari alikua amekalia hiyo kitu miezi na miezi anasikiliza mziki.

Haya, sasa ndo tuje kwenye betri kubwa, maana hii ya kuruka kutoka vijiti vinne mpaka kobe ni kweli inahusu betri kubwa. Ila kuihusu betri na betri kufa ni vitu viwili.

Ndani mle kuna seli 88 zimefungwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. (Ndugu zake Peugeot iOn na Citroën C-Zero ni gari hiyo hiyo ila baadhi zina seli 80.) Zikiwa kwenye mstari, dhaifu mmoja anawasimamisha wote. Kompyuta haiangalii wastani, inaangalia seli ya chini kabisa, ikiona moja inaelekea pabaya inakata nguvu na kuleta kobe hata kama wengine 87 bado wana chakula. Geji inaonyesha vijiti vinne kwa sababu inapiga hesabu ya jumla, afu ghafla yule mgonjwa anazama na geji inabidi ikubali ukweli.

Hutakiwi kuniamini, angalia mwenyewe. Nunua kile kidude cha OBD cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya gari kusoma kompyuta zake, pakua programu ya CaniOn kwenye simu ya Android, ilitengenezwa kwa ajili ya gari hizi hizi. Piga picha ya skrini mara mbili: gari ikishajaa kabisa kwa chaji ya polepole, afu ukikaribia kobe huku unapanda mlima kidogo au unakanyaga. Ikijaa seli zote zinatakiwa kuwa karibu 4.1 zimepangana kama meno. Kule chini ndo kuna siri. Ukikuta kundi zima liko 3.6 na moja iko 3.0 basi umempata. Ukikuta zote zinashuka pamoja taratibu basi hakuna mgonjwa, ni uzee tu.

Programu itakuonyesha pia ampia-saa zilizobaki. Seli mpya ziliandikwa 50, kwa hiyo ukikuta 36 ujue umebaki na kama asilimia 72. Marekani walipoipima ikiwa mpya waliipa kilomita 100 kwa chaji moja, zile 160 zilizoandikwa Japani zilikua za vipimo vyao vya maabara. Piga hesabu, kama unapata 70 hivi na 36 yako, gari haijakuibia kitu, imezeeka kihalali.

Akipatikana mgonjwa mmoja habadilishiwi familia nzima. Boksi lina moduli 12, kumi za seli nane na mbili za seli nne, inatolewa moduli au seli yenyewe inawekwa nyingine ya nguvu inayolingana na zilizobaki, na kabla ya kufungwa inasawazishwa volti na wenzake. Ukiweka mpya kabisa katikati ya wazee haina faida ya ziada, mstari bado utakwenda kwa mwendo wa mzee. Na wapo wenye gari hizi waliotoa seli zote wakaweka za ampia-saa 93, gari ikaenda karibu mara mbili, ila hiyo ni kazi kubwa na kompyuta lazima ifundishwe upya, mimi nisingeanzia huko.

Hii sio kazi ya kufanya nyumbani. Najua mtu mwenye mkono mzuri anaweza kuwaza mbona ni boliti tu. Volti 330 za umeme mnyoofu (DC) zinaua. Anayefungua boksi lazima achomoe plagi ya usalama, asubiri kapasita zijimalize, avae glovu za kuzuia volti 1000, na apime kwamba ni sifuri kabla hajagusa. Fundi yeyote ukimuuliza hivyo vitu akakucheka, chukua ufunguo wako uondoke. Nyaya za chungwa ni za fundi wa magari ya umeme, wewe usiziguse.

Breki kukwaruza asubuhi mara nyingi ni kutu. Gari inapunguza mwendo kwa mota kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo padi zinakaa bila kazi na diski inaota kutu. Barabara ikiwa tupu kabisa na hakuna mtu nyuma, nenda 60 hivi, weka N ambapo mota hairudishi umeme, kanyaga breki kwa nguvu mpaka ipungue, rudisha D, rudia mara tatu nne. Ikiendelea kukwaruza fungua uangalie zile pini za kalipa, zinakauka zinaganda, nyuma ni ngoma nazo zinajaa vumbi. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili hata kama padi ni mpya, mafuta yananyonya unyevu yenyewe.

Kitu hukuuliza lakini kimeua gari nyingi: AC. Kompresa yake inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, mota yake inaogelea ndani ya mafuta ya kompresa. Mafuta lazima yawe aina ya POE yasiyopitisha umeme. Mtu wa AC aliyezoea gari za mafuta akikuwekea PAG ya kawaida, au hata akitumia mipira yake yenye mabaki ya PAG, umeme unaanza kuvuja, gari inagundua inagoma kuwaka. Afu utaambiwa tena betri kubwa imekufa.

Maji ya kupoza mota na chaja angalia yasipungue, mafuta ya gia box yapo pia, kidogo ila yapo, watu wanasahau.

Urembo sasa. Taa za LED weka, hazili kitu, tumia relei na fyuzi yake basi. Kama utapiga rangi waambie wasiingize gari kwenye oveni ya moto mkali, betri haipendi joto hata siku moja. Rimu pana hapo tutagombana. Gari yako ilitoka na tairi za 145/65R15 mbele na 175/55R15 nyuma, nyembamba makusudi, kila upana unaoongeza unalipia kwa kilomita, na wewe hapo unalia kilomita. Ukizitaka sana tafuta za 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100, zisiwe nzito kuliko za mwanzo, upana wa tairi baki nao. Na asitokee mtu akakubadilishia za mbele kwenda nyuma eti ziishe sawa, hazilingani.

Anza na mita kesho asubuhi. Nitumie namba tatu: volti kabla ya kufungua mlango, volti ikiwa READY, na miliampia ikiwa imelala. Zile picha mbili za seli zitafuata, hazina haraka, kwa sasa chaji usiku na usiishushe chini ya vijiti vitano. Na huyo fundi wa betri kubwa muulize alipima kwa kutumia nini.