Maswali na Majibu: Kampuni ndogo ya chipu, kubwa ikija kuinunua

Nasikia kampuni za chipu za kumbukumbu zinamezana. Nikinunua hisa za kampuni ndogo nikasubiri inunuliwe, si nitakuwa nimeula? (Msomaji, Nairobi)

Inategemea kama itanunuliwa ikiwa nzima au mahututi.

Chukua ISSI ya Milpitas, California. Machi 2015 kundi la wawekezaji wa China, Uphill, lilikubaliana nayo bei ya dola 19.25 kwa hisa. Mei, Cypress, kampuni nyingine ya chipu ya Marekani, ikatia mguu kwa dola 19.75. Hapo wakaanza kupandishiana, mpaka Uphill wakashinda kwa dola 23, na Desemba wanahisa wakalipwa. Huwa tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia; safari hii nyasi zilipanda bei kwa karibu asilimia 20.

Sasa tazama Elpida ya Japani, iliyozaliwa 1999 kwa kuunganisha biashara ya DRAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta na simu) ya kampuni za NEC na Hitachi. Februari 2012 ilizidiwa na madeni ikakimbilia mahakamani. Micron, kampuni kubwa ya chipu ya Marekani, ikaichukua Julai 2013, viwanda na wahandisi pamoja. Hisa za zamani? Zilifutwa. Aliyekuwa amezishika akingoja mnunuzi alimpata mnunuzi, ila hakupata hata senti.

Nitazitofautishaje mapema?

Anza na mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni; hadithi za teknolojia zisubiri. Elpida ilikuwa na viwanda vyake, na kiwanda cha DRAM hugharimu mabilioni ya dola. Bei ikiporomoka huwezi kuzima mitambo ukaenda kulala, kwa sababu gharama yake inaendelea kukatwa ukizalisha usizalishe. Unauza kwa hasara na mkopo unadai. ISSI ilibuni chipu tu, kazi ya kuzitengeneza ikawapa wenye viwanda. Tena iliuza sana kwa watengenezaji wa vifaa vya magari, na hao wakishaipima chipu na kuipitisha hawaibadilishi ovyo. Wateja wa namna hiyo ndio wanaomvutia mnunuzi.

Kwa hiyo mambo matatu: deni, fedha taslimu, na wateja ni akina nani. Mteja mmoja akibeba nusu ya mauzo, mimi huwa naweka kalamu chini.

Ofa imetangazwa, lakini sokoni hisa inauzwa chini ya bei hiyo. Si pesa ya bure? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pengo hilo ni malipo ya hatari, kwani ofa si fedha mkononi. Cypress na ISSI zote ziliuza chipu za SRAM, aina ya kumbukumbu ya kasi, jambo ambalo wasimamizi wa ushindani wangeweza kulihoji. Mnunuzi wa China naye hupita kwa CFIUS, kamati ya serikali ya Marekani inayochunguza uwekezaji wa kigeni. Uphill walipita. Lakini Septemba 2017 Rais Trump alizuia Lattice, kampuni ya chipu za aina nyingine, isiuzwe kwa Canyon Bridge kwa dola bilioni 1.3, kwa sababu nyuma ya Canyon Bridge kulikuwa na fedha za China. Kabla ya kukimbilia pengo, jiulize hisa itaanguka mpaka wapi siku ofa ikifa.

Nikope kwenye SACCOS nianzie hapo?

Hapana.

Kuna kampuni ndogo zilizobaki kweli?

Kwenye DRAM, sehemu kubwa mno ya soko la dunia imo mikononi mwa Samsung, SK Hynix na Micron. Wadogo hutafuta pembe ambazo wakubwa hawajali. Everspin ya Chandler, Arizona, hutengeneza MRAM, kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika. Iliingia soko la hisa la NASDAQ, Marekani, Oktoba 2016 kwa dola 8 kwa hisa. Sisemi uinunue wala uiache. Fungua taarifa yake ya mwaka, inaitwa 10-K na husomwa bure kwenye tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya hatari za biashara. Soma inategemea kiwanda cha nani, na mkataba wao unaisha lini.